Mlimani peke yako mwishoni mwa msimu: mwongozo kamili wa safari ya siku moja

Kuna wiki chache kila mwaka ambazo njia za mlimani huwa kimya. Umati umeshaondoka, vibanda vya kupumzikia vimefungwa, na hewa imetakata kiasi kwamba mlima wa mbali unauona kama uko jirani. Mahali pengine ni kabla theluji ya kwanza haijakaa, pengine ni kabla mvua hazijaanza. Sisi tunaopenda kutembea peke yetu husubiri wiki hizo mwaka mzima.

Wiki hizo hizo ndizo zenye mchana mfupi, mawe yenye utelezi, na njia isiyo na mpita njia wa kukuokota ukianguka. Hata hivyo, kwa niliyoyaona, kinachoponza mtu mara nyingi si baridi wala mteremko. Ni saa. Mtu huchelewa kuanza, akachelewa kugeuka, kisha baridi na mteremko humkuta gizani, amechoka. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya saa, na mengine yote yanaifuata.

Saa ninazotaja ni za Kiswahili. Simu yako ikiandika 17:20, toa sita: ni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Jambo dogo, lakini aliyechanganya saa za simu na saa za mdomo amejipunja mchana.

Hatua ya 1: Chagua njia ndogo kuliko nguvu zako

Njia iwe ile ambayo ungeimaliza hata ukiwa na mafua. Kama umezoea kilomita 18 na kupanda mita 1,200, chukua kilomita 12 na mita 800. Ukiwa na wenzako unaweza kujaribu mipaka yako. Ukiwa peke yako, mwishoni mwa msimu, hakuna wa kukubebea hata shanta, yaani mkoba wa mgongoni.

Napendelea njia ya kwenda na kurudi kuliko ya mzunguko. Mzunguko una mtego wake: ukishavuka nusu, kurudi kunakuwa mbali kuliko kuendelea, basi unaendelea hata pale moyo unapokataa. Ya kwenda na kurudi unaikatisha popote, na wakati wa kurudi kila jiwe umeshalipita mara moja.

Tazama kwenye ramani njia imelala upande gani wa mlima. Kaskazini mwa ikweta, miteremko inayoelekea kaskazini hupata jua kidogo, na kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Huko ndiko sakitu, ule unga wa barafu juu ya nyasi, hukaa kutwa nzima bila kuyeyuka. Bonde lenye kina nalo lina machweo yake: jua hujificha nyuma ya mgongo wa mlima muda mrefu kabla ya saa iliyoandikwa kwenye jedwali, na joto huondoka nalo papo hapo.

Halafu piga simu au uwaulize wanaoisimamia njia maswali manne. Barabara ya kufika mwanzo wa njia bado iko wazi? Madaraja ya mbao yapo, au yameshaondolewa kwa ajili ya majira ya baridi? Chemchemi zilizo kwenye ramani bado zinatoa maji? Na je, ni msimu wa uwindaji? Sehemu nyingi duniani msimu wa wawindaji huangukia hapo hapo njia zinapotulia. Kama jibu ni ndiyo, vaa kitu cha rangi ya chungwa kali juu ya nguo zote, kofia pia, na usikate njia vichakani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa, ukianzia machweo

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. William Naismith, mpanda milima wa Scotland, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, na ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda.

Tuseme njia ni kilomita 7 mpaka kileleni, na unapanda mita 900. Kilomita 7 zinakula saa 1 na dakika 24. Mita 900 zinakula saa 1 na nusu. Jumla ni saa 2 na dakika 54. Lakini kanuni hii haikuweka ndani yake kupumzika, kupiga picha, kufunga kamba za viatu, wala kusimama ukijiuliza njia imepita wapi chini ya majani. Mwishoni mwa msimu, kwa kuanzia, ongeza robo nzima, na jumla inakuwa kama saa 3 na dakika 40. Kushuka nako si bure. Kwenye majani yaliyolowa na mawe yenye barafu, kilomita hizo 7 ninazihesabia saa 2 na nusu.

Sasa anza mwisho, urudi nyuma. Jua linazama saa kumi na moja na dakika ishirini. Nataka niwe nimefika chini saa 2 kabla ya hapo, yaani saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa hizo 2 ni akiba ya kifundo kilichoteguka, au ya njia iliyopotea kwa nusu saa. Si za kupumzika kileleni. Toa saa 2 na nusu za kushuka: lazima nigeuke saa saba kasoro dakika kumi mchana. Toa saa 3 na dakika 40 za kupanda: lazima nianze kabla ya saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mimi ningeanza saa mbili na nusu.

Katika hesabu yote, namba moja tu ndiyo amri: saa saba kasoro dakika kumi. Hiyo ni saa ya kugeuka, popote nitakapokuwa. Iamue ukiwa nyumbani, umeshiba na miguu imekauka, kwa sababu ukiwa juu utakuwa mtu mwingine mwenye hoja nyingi. Mimi huiandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika kwenye mkanda wa shanta, begani, mahali ambapo jicho haliwezi kukikwepa.

Usitumie machweo ya wiki iliyopita. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki kwa kitu cha maana, ila giza huingia haraka: jua likishazama, mwanga unaofaa kutembelea haumalizi nusu saa. Ukienda mbali na ikweta mambo ni kinyume, jioni ni ndefu lakini mchana hukatwa kila siku. Kwenye latitudo ya 45 hadi 50 kaskazini, mwishoni mwa Septemba mchana hupungua kwa zaidi ya dakika 3 kila siku, ambazo kwa wiki mbili ni zaidi ya dakika 40. Na katika nchi zinazorudisha saa nyuma (Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani ni Jumapili ya kwanza ya Novemba), machweo husogea saa nzima kwa usiku mmoja. Mtu aliyepanda Jumamosi, akarudia njia ile ile Jumapili kwa ratiba ile ile, hujikuta amepungukiwa na saa nzima jioni.

Hatua ya 3: Soma utabiri wa juu

Utabiri wa mji ulio bondeni haukuhusu. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na hewa ikiwa kavu hukaribia nyuzi 10. Ukiacha nyuzi 8 kwenye maegesho, ukapanda mita 900, tarajia nyuzi 2 hivi. Kisha ongeza upepo. Hewa ya nyuzi sifuri ikipulizwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 7 chini ya sifuri.

Hali ninayoiogopa kuliko zote si theluji. Ni mvua ya nyuzi 3 au 4 ikiwa na upepo. Theluji kavu unaikung'uta begani, lakini mvua ya namna hiyo hupenya kila mshono, na mwili uliolowa hupoteza joto upesi sana. Utabiri ukionyesha mvua na upepo pamoja kwenye kimo chako, ahirisha safari. Ukionyesha baridi kavu na anga tupu, nenda.

Soma jioni, kisha usome tena asubuhi. Kama tabiri mbili hazikubaliani, shika ile mbaya.

Hatua ya 4: Acha ujumbe wenye saa ya kupiga simu

"Naenda mlimani, nitarudi jioni" si ujumbe. Jioni ni saa ngapi? Mlima upi? Ninaomtumia ni dada yangu, na ujumbe wenyewe huwa hivi:

"Dada, kesho napanda njia ya bonde la mashariki mpaka kileleni, narudi njia hiyo hiyo. Naanza saa 2:30 asubuhi, niko peke yangu. Gari liko kwenye maegesho ya chini. Koti la chungwa, shanta jeusi. Nitashuka kama saa 9:20 alasiri, nitakupigia. Usiponisikia mpaka saa 12:30 jioni, piga namba hii ya uokoaji, uwatumie ujumbe huu. Usinisubiri."

Neno la mwisho ndilo lenye kazi. Anayekupenda atasita, atasema labda mtandao haupo, labda amekaa kidogo. Mpe ruhusa ya kukusumbua. Nawe ukibadili njia asubuhi, mwambie kabla hujaondoka, la sivyo watakutafuta mlima usio wako. Namba ya uokoaji itafute mapema na uihifadhi kwenye simu, yako na yake.

Hatua ya 5: Shanta

Watu hutaka orodha, nami nitawapa, lakini kwanza nguo, maana hapo ndipo kosa hufanyika kimya kimya. Pamba iache nyumbani, hata fulana ya ndani. Ikilowa jasho haikauki, na ukisimama inakugeukia kuwa kitambaa baridi kilichobandikwa mgongoni. Ndani vaa sufu au poliesta nyembamba, juu yake sweta la sufu au la flisi (kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya), na juu kabisa koti la kuzuia upepo na mvua. Ndani ya shanta weka koti moja nene ambalo hutalivaa ukitembea hata kidogo. Hilo ni la kusimama: wakati wa kula, wakati wa kusubiri, wakati wa kuumia. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki lisilowe.

Glavu chukua jozi mbili. Nyembamba za kufanyia kazi, na nene zisizoingia maji. Nitaeleza sababu mbele kidogo.

Tochi ya kichwani ni lazima hata kama utarudi saa nane mchana. Ikae mfuko wa juu wa shanta, na betri za akiba ziwe kando yake. Betri za lithiamu huvumilia baridi kuliko zile za alkali. Tochi ya simu usiihesabu kuwa tochi. Unahitaji simu hiyo hiyo kwa ramani na kwa kupiga, na ukiishika unabaki na mkono mmoja.

Simu yenyewe ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi hunyonya chaji na simu inaweza kuzimika ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Iweke kwenye hali ya ndege ili isihangaike kutafuta mtandao. GPS haihitaji mtandao, mradi ramani umeipakua nyumbani. Pamoja nayo beba pawabenki ndogo, ramani ya karatasi na dira. Kama njia haina mtandao kabisa na unakwenda peke yako mara kwa mara, kifaa cha dharura cha setilaiti ni pesa iliyotumika vizuri. Simu mpya kadhaa nazo hutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, ila jaribu kujua inavyofanya kazi ukiwa umekaa kwenye kiti.

Yaliyobaki ni haya: filimbi, blanketi la dharura la karatasi inayong'aa (au bora mfuko wa namna hiyo unaoingia mzima mzima), bandeji ya kukaza, plasta za malengelenge, kisu, kiberiti kilichofungwa kisilowe, kofia ya sufu, soksi za akiba, fimbo mbili za kutembelea, na kipande cha godoro jembamba cha kukalia. Hicho cha mwisho huchekwa sana. Kaa dakika kumi juu ya jiwe lenye sakitu halafu tuzungumze.

Chakula kiwe cha kutafunika kikiwa baridi na kufunguka ukiwa na glavu, na kiwe na ziada ya mlo mmoja. Maji beba yote utakayohitaji, kwa sababu vijito vya mwisho wa msimu mara nyingi vimekauka. Kama baridi ni ya kugandisha, chupa iweke kichwa chini ndani ya shanta: barafu huanzia juu ya maji, kwa hiyo mdomo wa chupa unabaki wazi. Mirija ya kunyonyea maji kutoka ndani ya shanta huganda mapema, iache. Vidonge vya klorini hufanya kazi polepole kwenye maji baridi, vipe muda zaidi. Na chujio la maji la mirija midogo likishaganda mara moja limeharibika, hata kama kwa macho liko zima. Chai ya moto kwenye chupa ya kutunza joto ni uzito ambao sijawahi kuujutia.

Hatua ya 6: Asubuhi kwenye maegesho

Anza ukiwa unahisi baridi kidogo. Ukianza umejifunika mpaka masikioni, ndani ya robo saa utakuwa umelowa jasho, na jasho hilo ndilo litakalokutetemesha juu. Baada ya dakika kumi simama, vua tabaka moja, endelea.

Kabla ya kuondoka fanya mambo matatu. Washa tochi uone inawaka. Linganisha saa halisi na ratiba: kama umechelewa kwa nusu saa, saa ya kugeuka haisogei, ni kilele tu kinachosogea mbali. Kisha tazama magari mengine. Gari moja la mtu mwingine ni habari njema, na maegesho matupu ni habari ya kuzingatia.

Hatua ya 7: Kupanda

Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Uko peke yako, basi ongea kwa sauti, hakuna wa kukucheka. Mahali penye dubu sauti hiyo ina faida ya pili, kwani huu ndio wakati wanakula kutwa kujiandaa na majira ya baridi, na dubu asiyeshtushwa mara nyingi hukupisha mwenyewe.

Kila robo saa geuka nyuma utazame. Njia ya kurudi ina sura tofauti kabisa na ya kwenda, na mti uliokuwa upande wa kulia unakuja upande wa kushoto. Kwenye kila njia panda piga picha ya upande uliotoka. Majani yakifunika njia, acha kutafuta udongo, tafuta dalili: mfereji mdogo katikati ya majani, matawi yaliyokatwa kwa msumeno, mawe yaliyong'arishwa na nyayo, rundo la mawe lililojengwa na mtu. Ukitembea dakika tano bila kuona dalili hata moja, rudi kwenye ile ya mwisho uliyokuwa na hakika nayo. Usiseme "itatokea tu mbele."

Kwenye kijito, kwenye ubao wenye barafu, kwenye jabali lenye unyevu, nina swali moja ninalojiuliza: kama ningekuwa na mdogo wangu hapa, ningemruhusu avuke? Inashangaza jinsi jibu linavyokuja upesi. Nafsi yangu naweza kuidanganya, mdogo wangu siwezi. Maji yaliyopita goti na yanayokwenda kasi, hapana, hakuna mjadala. Na ukumbuke kuwa maji hayo utayavuka tena alasiri. Mvua ikinyesha juu, kijito cha asubuhi si kijito cha jioni.

Kula kidogo kidogo kila saa, kabla hujahisi njaa. Kunywa hata kama huna kiu, maana baridi huficha kiu.

Hatua ya 8: Saa ya kugeuka

Mwaka mmoja niliipuuza. Saa yangu ilifika nikiwa kwenye bega la mlima, na kilele kilikuwa pale, nakiona na rundo lake la mawe. Nikajiambia dakika kumi na tano. Kilikuwa kilele cha uongo, nyuma yake kulikuwa na kingine. Niligeuka nikiwa nimechelewa kwa dakika 50, na nikasimama kuvaa koti nene kwa sababu upepo ulikuwa umeanza. Nilivua glavu ili nishike zipu. Vidole vilishika, lakini sikuvihisi. Niliona kwa macho kidole gumba na cha shahada vimebana kile kijichuma cha zipu, nikavuta, kijichuma kikabaki pale pale na vidole vikaja vitupu. Mara tatu. Mwisho niliinama nikaing'ata zipu kwa meno na kuipandisha hivyo. Tochi ilikuwa chini kabisa ya shanta, chini ya chakula na kamba. Kuitafuta kwa mikono ile iliyokufa ganzi, mwanga ukiondoka, kulikula dakika nyingine kumi.

Sikuumia. Ila tangu siku hiyo zipu zangu zote nimezifunga vipande vya kamba virefu vya kuvutia, glavu ni jozi mbili ili nyembamba isivuliwe, na tochi haijawahi tena kukaa chini.

Saa ikifika, geuka. Kama kilele ni dakika tano na unaona kila hatua ya kufika, geuka vilevile, kwa sababu siku ukiruhusu tano, siku nyingine utaruhusu ishirini. Zipo sababu za kugeuka hata kabla ya saa: ukungu ukifunika alama iliyo mbele yako, ngurumo ikisikika, barafu ikiwa mfululizo na huna vyuma vya viatuni, kichwa kikianza kuuma juu ya mita 2,500, au ukijikuta unajikwaa pasipo na kitu.

Hilo la mwisho lishike sana. Joto la mwili likianza kushuka, dalili za mapema ni kujikwaa, kudondosha vitu, kuongea kwa kugugumia na kununa bila sababu. Chini ya nyuzi 35 uko kwenye hatari halisi, na akili ndiyo ya kwanza kudanganyika. Mwenye wenzake huambiwa. Wewe wa kujiambia ni wewe, kwa hiyo jipime: gusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huo huo. Kama havikutani, simama mahali pasipo upepo, vaa kila kitu, kunywa cha moto, kula kitu cha sukari, kisha anza kushuka.

Hatua ya 9: Kushuka

Miguu imechoka, akili imeshafika nyumbani. Punguza hatua ziwe fupi, magoti yakunjike kidogo, fimbo zitangulie mbele. Mizizi iliyolala kukingama njia ni mibaya kuliko mawe: ikilowa inateleza kama sabuni, basi ivuke, usiikanyage. Majani huficha mashimo na mawe yanayocheza, kwa hiyo jaribu kabla ya kuweka uzito wote.

Mahali palipoyeyuka saa sita mchana huganda tena jua likiondoka. Ule ubao wa daraja uliokuwa umelowa tu asubuhi unaweza kuwa kioo alasiri. Ikibidi, vuka umekaa kitako. Hakuna anayekutazama.

Kupima mwanga uliobaki bila saa, nyoosha mkono mbele, kunja kiganja, na upange vidole kati ya jua na ukingo wa upeo. Kila kidole ni kama dakika 15, na vidole vinne ni kama saa nzima. Karibu na ncha za dunia kipimo hiki hupotoka, na mlima ukiwa mbele yako unapima ukingo wa mlima, jambo ambalo ndilo unalotaka kujua hata hivyo. Vaa tochi kichwani mapema, mikono ikiwa bado na joto.

Hatua ya 10: Ukikwama

Ukipotea, simama. Kaa kwenye kile kipande cha godoro, kula kitu, fungua ramani. Ukiweza kurudi kwenye alama ya mwisho kwa nyayo zako, rudi. Usishuke tu kufuata mto ukidhani utakutoa. Mito ya mlimani hupita kwenye makorongo na maporomoko ambayo mtu hawezi kupita.

Ukiteguka kifundo na bado unaweza kukanyaga, usivue kiatu, kikaze, maana ukikivua huenda mguu usirudi ndani kwa uvimbe. Usipoweza kukanyaga, kazi yako sasa ni joto na kuonekana. Koti nene kwanza, kabla hujaanza kutetemeka. Kofia, glavu nene, godoro chini, mfuko wa dharura juu. Piga namba ya uokoaji. Simu ikikataa tuma ujumbe mfupi, ambao mara nyingine hupita mahali sauti isikopita. Eleza ulipo kwa namba za GPS, ulivyoumia, na chaji iliyobaki.

Kwa filimbi au tochi, ishara inayojulikana milimani ni mara 6 ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, kisha tena. Anayejibu hutoa 3 kwa dakika. Marekani na Kanada wengi hutumia 3 kama ishara ya kuomba msaada, kwa hiyo ukisikia mpangilio wowote unaojirudia, uchukulie kuwa ni mtu. Endelea kupiga hata baada ya kujibiwa, wanakufuata kwa sauti.

Hatua ya 11: Ukishafika chini

Kabla ya kuvua viatu, mpigie dada. Wapo waliotafutwa usiku kucha huku wamelala nyumbani, kwa sababu walisahau simu moja.

Badili fulana iliyolowa, kunywa chai iliyobaki, kisha nyuma ya ramani andika saa nne za kweli: ulipoanza, ulipogeuka, ulipofika juu kama ulifika, ulipofika chini. Baada ya safari tatu au nne utaacha kuongeza robo ya kubahatisha juu ya kanuni ya Naismith, utakuwa na robo yako. Yangu, kwenye majani yaliyolowa, imekuwa theluthi.

Viatu vijaze magazeti na uviache mahali penye hewa. Usivisogeze karibu na moto, gundi ya soli huachia.